Wikendi ya Mombasa hupangwa na mwezi

Kila Jumatano au Alhamisi hunifikia swali lile lile kutoka kwa jamaa wa bara. Juma lililopita aliyeuliza ni mtoto wa shangazi yangu, mkazi wa Nairobi, ambaye alikuwa amekwisha kukata tiketi za treni za Ijumaa alasiri, yeye, mkewe na watoto wao wawili, na ambaye alitaka nimwandikie kwa mpangilio wa saa mambo yote ya kufanya mjini Mombasa kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili usiku. Nikamjibu kwa swali langu: leo mwezi una siku ngapi? Akanijibu tarehe ya kalenda. Nilipomwambia kwamba namuuliza mwezi ulioko juu angani, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nimeanza kupiga ramli.

Sikuwa napiga ramli. Mombasa ni kisiwa, na mambo mengi ambayo mgeni huyafuata huku, yaani kuogelea, kutembea juu ya mwamba, kupanda mashua, kula samaki aliyevuliwa asubuhi ile, hata kuvuka kivuko cha Likoni kwa gari, hutegemea maji yako wapi saa hiyo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, ambao huja mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyopwa hupita mita 3. Katika ufuo wenye mteremko mdogo kama wa Nyali au Bamburi, mita 3 za kupanda na kushuka maana yake ni mamia ya mita za mchanga, mwani na mawe ambayo asubuhi hukanyagwa kwa miguu na jioni hupitiwa na mashua. Orodha za mambo ya kufanya wikendi ambazo husambazwa mitandaoni hazisemi neno hata moja juu ya jambo hili. Zimeandikwa kana kwamba bahari ni bwawa la hoteli, ambalo halina saa.

Babu yangu hakuwa na jedwali la maji, ingawa Mamlaka ya Bandari hulichapisha na siku hizi mtu hulipata katika simu yake. Yeye alihesabu kutoka mwandamo. Hapa petu, siku ambayo mwezi ni mchanga kabisa au umekamilika duara, maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Ukishalijua hilo, kilichobaki ni kujumlisha: siku moja ikipita unaongeza dakika hizo 50, na ukifika siku ya nane hesabu yote imegeuka, maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Siku hizo za nusu mwezi ndizo tunazoziita za maji mafu, kwa maana bahari haina nguvu. Haijai sana wala haitoki sana. Kwa hiyo Mombasa ina wikendi za aina mbili, na mpango unaofaa wikendi ya bamvua huharibika ukitumiwa katika wikendi ya maji mafu.

Nasema hivi nikiwa na kovu la aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwenyeji wa shangazi wawili na kundi la wajukuu wao, watu kumi na mmoja kwa jumla, na kwa kuwa nilikuwa na shughuli nyingi juma lile sikuangalia mwezi. Niliwakodia gari la kuwapeleka ufukweni saa tano ya asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi kupevuka. Tuliposhuka chini ya mivinje, wajukuu walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea, na mbele yao ulitandazika uwanja wa mwani uliokauka juani, vidimbwi vya maji ya moto na, mbali kabisa, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Mtoto mmoja wa miaka mitano aliniuliza kwa upole kabisa, bahari iko wapi? Wakubwa waliamua kuifuata huko huko iliko, na mmoja wao akakanyaga yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi, ambayo hukatikia ndani ya nyama ya unyayo. Kijana mmoja wa pale ufukweni alileta papai bichi, akalikwaruza kwa kisu, akampaka utomvu wake mahali palipochomwa mpaka maumivu yakapungua. Maji yalirudi saa tisa na nusu, mazuri, ya kijani kibichi, wakati ambapo shangazi zangu walikuwa wamekwisha kukunja mikeka na dereva anapiga honi.

Sasa nirudi kwa mtoto wa shangazi. Jumatano aliyoniuliza, mwezi ulikuwa na siku kumi na tatu. Jumamosi ungekuwa na siku kumi na sita, yaani bamvua kamili, maji yapwe karibu saa tano kasorobo za asubuhi na kujaa karibu saa kumi na moja za jioni. Hapo ndipo nilipoanza kumwandikia.

Asubuhi ya bamvua haianzii ufukweni, huanzia mezani. Nilimwambia wasile kifungua kinywa cha hotelini bali waje kwangu Tudor, ambako jirani yangu huchoma mahamri tangu kabla ya jua kutoka. Hamri zuri huumuka likawa tupu ndani kama mfuko, likanukia iliki na tui, na hupasuliwa kwa vidole ili kuchotea mbaazi. Mbaazi nazo ziwe zimeiva mpaka zimeanza kupoteza umbo, na tui zito limwagwe mwishoni juu yake bila kukorogwa sana. Mgeni akila mahamri manne huwa hana tena haja ya chakula mpaka alasiri, na hilo ni muhimu kwa sababu saa nne na robo inafaa awe ameshavuka Daraja la Nyali na amevaa viatu vya mpira.

Kutembea juu ya mwamba wakati wa maji kupwa ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika mji huu, na halina tiketi wala bango. Unatoka na mtu anayeyajua mapito, mnafuata mchanga na kuepuka mwani mnene, na mnakwenda polepole mkitazama vidimbwini. Kaa wadogo hukimbia na nyumba zao mgongoni. Viti vya pwani vyekundu, wale wanyama wenye umbo la nyota, hulala mchangani, na majongoo ya bahari meusi hujilaza kama soseji zilizosahauliwa. Siku za bamvua utawakuta pia wavuvi wa pweza, wanaume na wanawake, wakiwa wameinama na vyuma vyembamba mkononi. Pweza hukaa ndani ya tundu la mwamba, na mvuvi hulitambua tundu lenye mwenyewe kwa maganda ya kome na kaa yaliyorundikwa mlangoni, maana pweza ni mlaji asiyefagia. Chuma huingizwa, mikono minane hujizungusha juu yake, na mnyama akitolewa hupigwa juu ya jiwe mara nyingi, kwa mfululizo, ili nyama yake isiwe ngumu kama mpira. Jioni ya siku kama hiyo supu ya pweza huwa nyingi mjini, na bei yake huwa ya kistaarabu.

Nina masharti mawili kwa wageni wangu huko mwambani. La kwanza ni kwamba hakuna kuokota kitu chochote, hata kombe tupu, kwa kuwa kombe tupu la leo ni nyumba ya kaa wa kesho, na kwa kuwa sehemu ya bahari hiyo ni hifadhi tangu mwaka 1986. Ndani ya hifadhi yenyewe uvuvi umekatazwa kabisa, ilhali katika eneo linaloizunguka wavuvi wenye zana za jadi huruhusiwa kufanya kazi yao. La pili ni kwamba maji yakianza kugeuka, sote tunageuka. Bahari haimjii mtu kutoka mbele peke yake. Hupitia kwanza katika mikondo iliyo nyuma yake, kati yake na ufuo, na mtu anayetazama mawimbi ya mbele hushtuka akakuta maji ya kiunoni pale alipopita kwa miguu mikavu.

Kuanzia saa sita mchana jua la Mombasa si la mgeni, hasa mwenye watoto. Huo ndio wakati wa kuingia Ngomeni, kwa kuwa kuta zake zina kivuli na upepo wa bahari huingia katika matundu ya mizinga. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Habari hizo zimeandikwa kwenye vibao, wala sina haja ya kuzirudia zote. Ninachowaonyesha wageni wangu ni vitu viwili. Cha kwanza ni ukuta uliochorwa na wanajeshi wa Kireno wenyewe, kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu, makanisa, michoro ya vijana walioboreka mbali na kwao. Watoto huielewa michoro hiyo upesi kuliko watu wazima. Cha pili ni njia iliyochongwa ndani ya mwamba kushuka mpaka baharini, ambayo kwayo vitu vilivyoletwa kwa mashua viliingizwa ngomeni bila kupitia mjini. Ukisimama pale utaelewa namna watu waliweza kuzingirwa na jeshi la Oman tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, wakingojea msaada kutoka baharini. Merikebu mojawapo iliyokuja kuwasaidia, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo chini ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa ndani yake na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimewekwa katika jumba la makumbusho lililo ndani. Kati ya enzi hizo na kufunguliwa kwa makumbusho mwaka 1960 Waingereza waliifanya jela, jambo ambalo wazee wetu hawakulisahau. Nyanya yangu hakupata kuingia humo hata mara moja maishani mwake, akisema kwamba haendi jela kwa kulipa.

Kutoka Ngomeni hadi ndani ya Mji wa Kale ni hatua chache. Mpite Ndia Kuu, mtazame milango ya nakshi na roshani za mbao, mfike Msikiti wa Mandhry wenye mnara mnene uliopakwa chokaa, ambao ni wa karne ya 16, na mteremke kuelekea Bandari ya Kale. Si lazima kununua kitu. Ningeomba tu wageni wasipige picha watu waliokaa barazani kwao bila kuomba ruhusa. Baraza ni sebule iliyo nje, na hakuna mtu anayependa kupigwa picha sebuleni kwake na mpita njia.

Saa tisa na nusu, basi, ndipo mnaporudi kuogelea. Mtoto wa shangazi alitaka pwani ya hoteli, nami nikamshauri aende Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambako wengi hupaita Pirates, kwa kuwa nilitaka watoto wake waogelee na watoto wenzao. Pana kelele, ni kweli. Kuna maboya ya mipira ya magari ya kukodi, ngamia waliopambwa shanga, wapiga picha, wauza viazi karai na bajia, na siku ya Jumapili hata mahali pa kuweka kandambili hapapatikani. Jumamosi huwa nafuu. Maji ya bamvua yanapojaa hufika karibu kabisa na miti, kwa hiyo mama anaweza kukaa kivulini na kuwaona wanawe bila kukaza macho. Anayependa utulivu akaogelee huko hotelini, ila asiseme ameiona Mombasa.

Kama ingekuwa wikendi ya maji mafu, ningempanga kinyume chake. Angeogelea kwanza, saa tatu au saa nne asubuhi, kisha mchana wote tungeshughulika na mambo ya nchi kavu. Hapo ningemtanguliza Haller Park, ambayo kwa maoni yangu inastahili sifa kubwa zaidi ya ile inayopewa na wageni waliokuja kulisha twiga. Mahali pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe mpaka kikaacha jangwa jeupe, lisilo na udongo, lenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 Mswisi mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, René Haller, alianza kupanda miti humo, na kati ya michache iliyostahimili ulikuwepo mvinje, mti wetu wa kawaida wa ufukweni. Tatizo lilikuwa majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, ambayo yaliporomoka na kurundikana bila kuoza, kwa hiyo udongo haukutengenezeka. Dawa ilikuwa jongoo. Waliletwa majongoo kwa mamia, wakala majani hayo makavu, na kinyesi chao pamoja na mabaki kikageuka udongo ambao baadaye ulibeba miti mingine, kisha ndege, kisha wanyama. Kila nikiwapeleka watoto huko huwaonyesha jongoo kabla ya kiboko. Huwa hawakubaliani nami. Wanamtaka kiboko, na hasa hadithi ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kumng'ang'ania kobe mzee wa Aldabra aliyeitwa kwa haki kabisa Mzee.

Wapenzi wa mpira, Bandari wakiwa na mechi ya nyumbani, waende Mbaraki. Uwanja si mkubwa, wachezaji wako karibu, na matusi ya mashabiki wa Mombasa hutolewa kwa ufasaha ambao haupatikani kwingine. Pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kupokea wageni wa kifalme kutoka Uingereza, zahitaji dakika tatu na picha moja. Magofu ya Jumba la Mtwana, baada ya Mtwapa, yanastahili nusu siku, hasa ule msikiti unaotazamana na bahari, lakini si kwa watu walio na siku mbili tu mjini. Hali kadhalika Diani. Mtoto wa shangazi alitaka sana kwenda Diani, nikamkataza kwa sababu ya kivuko. Wanaovuka Likoni kwa miguu hawalipi na hawana shida, lakini mwenye gari hupanga foleni, na maji ya bamvua yanapopwa kabisa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali kiasi kwamba magari ya chini hukwaruza tumbo. Jumamosi saa tano asubuhi ingekuwa saa mbaya kuliko zote.

Kuhusu shughuli zenyewe, zile ambazo watu huzitafuta kwenye mabango, mwezi nao unazisimamia kwa njia yake. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani, ambayo huangukia Agosti au Septemba, hufuata kalenda ya serikali. Maulidi hayafuati. Huwa katika Mfunguo Sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, na mwezi huo ukifika Mji wa Kale hujaa matari na kaswida kwa majuma kadhaa. Mwezi wa Ramadhani mchana mji huwa mzito na usiku huwa mwepesi: baada ya tarawehe ndipo barabara hujaa na wauza vitu hutandika meza zao. Harusi hazifungwi katika mwezi huo, kwa hiyo hulimbikizwa kabla na baada yake, na ukija Mombasa katika majuma hayo huenda jirani wa mwenyeji wako akakualika. Usikatae. Mwanamume ataalikwa kwenye nikaha msikitini, itakayomalizika haraka, na atatoka na kipande cha halua na kikombe cha kahawa. Mwanamke ataalikwa kupamba, ambako bibi harusi hukalishwa mbele ya wanawake wenzake akiwa na hina mpaka mabegani, na huko itambidi aiache simu yake mkobani, maana wanawake waliovua mabuibui yao hawapigwi picha. Mke wa mtoto wa shangazi alibahatika kualikwa Jumamosi usiku. Alirudi saa saba na sauti imekauka, akakataa kutueleza chochote, akisema ya ndani ni ya ndani.

Sisi wanaume usiku huo tulikaa na watoto katika benchi la muuza kahawa. Kahawa tungu ya Mombasa hubebwa katika dele la shaba lenye makaa chini yake, na muuzaji anayetembea hujitangaza kwa kugonganisha vikombe viwili kiganjani. Kikombe ni kidogo, hakina mpini, na kahawa ni chungu na ina tangawizi, ndiyo maana huliwa na kitu kitamu, kashata ya njugu au tende. Watoto walipewa kashata bila kahawa. Ami mmoja aliyekaa pembeni, aliposikia kuwa ni wageni, aliwauliza kama waliogelea, wakasema ndiyo, akawauliza saa ngapi, wakasema saa kumi jioni. Ami akatikisa kichwa kwa kuridhika na kumwambia baba yao kwamba ana mwenyeji mzuri. Sikusema kitu, lakini nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumapili asubuhi tuliipitisha Haller Park, kwa kuwa maji yalikuwa yakipwa tena kuelekea saa tano na nusu na kina mama walikuwa wamechoka. Mchana watu walilala. Kisha saa kumi na moja, maji yakikaribia kujaa, tulikwenda Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, ambako mibuyu mikongwe ilibakishwa katikati ya njia za kutembelea. Watu wa Mombasa wamezoea kupaita Lighthouse, na huko ndiko wanakoimalizia wikendi yao tangu zamani, kabla bustani haijawa na sakafu wala taa. Huna unachofanya huko ila kula na kutazama. Muuza mihogo huichoma juu ya makaa, anaupasua mmoja kwa urefu bila kuutenganisha, anachovya kipande cha ndimu katika pilipili iliyochanganywa na chumvi na kuusugua ndani yote, kisha anaufungia gazeti. Muuza madafu naye atakuuliza wataka la maji au la urambe. La maji ni changa, la kukata kiu. La urambe lina nyama laini ndani, na baada ya kunywa unalipasua na kuikwangua kwa kipande cha ganda lake mwenyewe. Tukiwa pale ilipita meli kubwa ya makasha ikiingia Kilindini, karibu kiasi kwamba mtoto mkubwa aliweza kusoma jina lake ubavuni, na mdogo akawapungia mkono mabaharia, na mmoja wao akamjibu.

Treni yao ilikuwa ya saa nne usiku. Kule stesheni ya Miritini mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse, na abiria husimama kando. Wakati mbwa anapita, mtoto mdogo alianza kulia. Baba yake alidhani anaogopa mbwa. Nilipoinama kumbembeleza alinionyesha mfuko wa suruali yake, na ndani yake mlikuwa na kombe moja la kauri, la madoadoa, lililookotwa mwambani Jumamosi ile nilipokuwa nikihubiri masharti yangu. Alikuwa na hakika kwamba mbwa ameletwa kulitafuta.

Alinikabidhi mwenyewe, nikamwahidi kulirudisha. Jumatatu nilitoka kazini, nikavuka Daraja la Nyali, nikafika ufukweni karibu na magharibi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Nililitumbukiza hapo hapo, kwenye maji ya magotini, nikampigia baba yake simu ili mtoto asikie mawimbi.